Kukodi mkandarasi wa kumwaga samadi kwa bomba: mwongozo kamili kwa mfugaji

Shimo la samadi ya majimaji likifika ukingoni, mfugaji huacha kupanga akaanza kupiga simu. Anayepokea kwanza ndiye anayekuja. Anauliza shimo liko wapi na shamba liko wapi, na kufikia jioni shimo ni tupu. Wiki tatu baadaye kona moja ya shamba majani yamelala na kuoza, upande wa pili yamekuwa ya njano kwa njaa, na ankara ina saa nyingi kuliko unazokumbuka kumwona mtu akifanya kazi.

Nimeshapitia hayo. Nilichojifunza ni kwamba mkandarasi huja na pampu, bomba na ujuzi wa kuviendesha. Maswali ya samadi kiasi gani, wapi, na lini ni yako, na majibu yake yawe kwenye karatasi kabla trekta lake halijaingia getini. Ukiyaacha kwake atayajibu kwa namna inayomrahisishia kazi, wala si kosa lake.

Kazi yenyewe ilivyo

Pampu huwekwa kando ya shimo, ikizungushwa na trekta au na injini yake yenyewe. Kutoka hapo hutandikwa bomba kuu, lile linalolala bapa likiwa tupu na kuvimba likijazwa, mara nyingi la inchi 5 au 6. Mwisho wake huungwa bomba la kuburuta, jembamba kidogo lakini lililotengenezwa kuvumilia msuguano wa ardhi, nalo hufungwa nyuma ya trekta la pili. Trekta hilo halibebi samadi. Linavuta bomba na kubeba chombo cha kumwagia tu, na samadi hutoka shimoni moja kwa moja hadi ardhini.

Faida kubwa iko kwenye uzito. Boza, yaani tangi la kubebea samadi linalovutwa na trekta, likijaa huweza kupita tani 20 pamoja na trekta lake, na kila safari hushindilia udongo, hasa ukiwa na unyevu. Udongo ulioshindiliwa haunyonyi maji, mizizi haipiti, na majani hudumaa kwa misimu. Kwa bomba, uzito huo haupo. Halafu kuna kasi: mita za ujazo 100 hadi 200 kwa saa ni jambo la kawaida pampu ikiwa nzuri na samadi ikiwa nyepesi.

Lakini bomba halimfai kila mtu. Kama una mita za ujazo mia moja au mbili tu, kutandika na kukunja bomba kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kumwaga kwenyewe, na muda huo utaulipia. Vishamba vidogo vilivyotawanyika, vyenye miti katikati na kona nyingi, humsumbua dereva anayeburuta bomba. Umbali wa kilomita moja hadi mbili huwezekana kwa pampu moja kwa kutegemea mwinuko na unene wa samadi. Zaidi ya hapo huhitajika pampu ya pili ya kusukumia njiani, na gharama hupanda. Kila mita 10 za kupanda mlima hula takriban baa moja ya msukumo wa pampu, kwa hiyo shamba lililo juu ya banda mtajie mkandarasi mapema.

Kuna pia unene. Samadi yenye zaidi ya asilimia 6 ya vitu vikavu huanza kugoma bombani. Unaweza kupima mwenyewe: chukua kilo moja ya samadi iliyokorogwa vizuri, ianike kwenye sinia pana juani mpaka uzito wake usibadilike tena, kisha pima kilichobaki. Gramu 60 ni asilimia 6, gramu 90 ni asilimia 9. Ikizidi asilimia 6, itabidi iongezwe maji, na maji hayo nayo utalipia kuyasukuma.

Hatua ya kwanza: jua una kiasi gani

Usimpigie mtu simu kabla ya hesabu hii. Shimo la mstatili ni urefu mara upana mara kina cha samadi iliyomo, si kina cha shimo lote. Shimo la mita 30 kwa 12 lenye samadi ya kina cha mita 2.5 lina mita za ujazo 900. Tangi la duara ni nusu kipenyo mara nusu kipenyo mara 3.14 mara kina: tangi la kipenyo cha mita 16 lenye samadi ya mita 3 lina takriban mita za ujazo 603. Bwawa lenye kingo za mteremko, tumia wastani wa vipimo vya juu na vya chini, ukijua hilo ni kadirio tu.

Kina kipime kwa mti mrefu ukiwa umesimama nje ya uzio, na uwe na mtu pamoja nawe. Utando mgumu wa juu hudanganya macho, unaonekana kama ardhi. Usiukanyage hata mara moja.

Hapohapo angalia paa za mabanda yako. Kila mita 100 za mraba za paa, mvua ya milimita 10 hushusha mita ya ujazo moja ya maji. Paa la mita 400 za mraba mahali penye mvua ya milimita 500 kwa mwaka huingiza shimoni mita za ujazo 200 za maji ambayo hayana rutuba yoyote, na utalipa mtu ayasukume hadi shambani. Mfereji wa bati wa kuyaelekeza kwingine hugharimu mara moja tu.

Hatua ya pili: jua kilichomo

Hapa ndipo wafugaji wengi hutupa mali. Samadi ya ng'ombe yenye asilimia 6 ya vitu vikavu huwa na takriban kilo 2.6 za nitrojeni kwa kila mita ya ujazo, kilo 1.2 za fosfeti na kilo 2.5 za potashi. Yenye maji mengi, ya asilimia 2, hushuka hadi karibu kilo 1.6 za nitrojeni. Ya nguruwe huwa na nitrojeni nyingi zaidi hata ikiwa nyepesi.

Rudi kwenye lile shimo la mita za ujazo 900. Ndani yake kuna zaidi ya kilo 2,300 za nitrojeni. Si yote inayopatikana kwa mmea msimu huohuo, lakini hata ukihesabu theluthi moja tu, hiyo ni zaidi ya kilo 770. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za nitrojeni. Maana yake shimo ambalo ulikuwa unaliona kero limebeba nitrojeni ya mifuko 33 ya urea, ukiacha fosfeti na potashi.

Kama una maabara unayoweza kuifikia, peleka sampuli. Koroga kwanza, chota mara tano sehemu na kina tofauti, lita mbili kila mara, changanya kwenye ndoo kubwa, kisha chukua lita mbili za mchanganyiko huo. Usijaze chupa hadi juu na usikaze kifuniko kabla gesi haijatoka, maana chupa hupasuka. Pima na udongo pia. Shamba lililo karibu na banda mara nyingi limekula samadi miaka yote na lina fosforasi ya kutosha, ilhali la mbali lina njaa. Bomba ndilo linalokupa nafasi ya kufika lile la mbali. Itumie.

Hatua ya tatu: kiwango kwa hekta

Mita za ujazo 25 hadi 35 kwa hekta kwa mara moja ni kiwango ambacho malisho mengi huyapokea vizuri. Ili uone kwa macho: mita 10 za ujazo kwenye hekta moja ni sawa na kina cha milimita 1, kwa hiyo 30 ni milimita 3. Sijaona sababu nzuri ya kupita 50 kwa mara moja. Kinachozidi uwezo wa udongo hutiririka kwenda mtoni au huziba majani yakakosa hewa.

Sasa gawanya. Mita za ujazo 900 kwa 30 ni hekta 30. Je, unazo hekta 30 zinazofaa kupokea samadi wiki hiyo? Kama jibu ni 18, basi umegundua mapema kwamba shimo halitakwisha lote, na umeepuka ule uamuzi mbaya wa saa kumi na moja jioni, pale dereva anapokuuliza, "Iliyobaki niimalizie wapi?"

Hatua ya nne: chora ramani

Karatasi moja inatosha. Chora mashamba, mageti, na njia ambayo bomba litapita. Kisha weka alama nyekundu kwenye kila kitu ambacho samadi haitakiwi kukigusa: mito, vijito, mifereji, visima, chemchemi, madimbwi, nyumba za majirani. Kanuni za nchi yako ndizo zinazotawala umbali, na uzisome. Kama kipimo, Uingereza hutaka mita 10 kutoka kwenye mto au mfereji na mita 50 kutoka kwenye kisima au chemchemi. Mimi huongeza palipo na mteremko kuelekea maji.

Weka alama pia kwenye nguzo za umeme na nyaya zake, mawe makali, vyuma vya zamani, mashimo, na mahali penye mifereji ya kupitisha maji chini ya ardhi. Hii ya mwisho husahaulika sana. Udongo ukikauka ukapasuka nyufa, samadi hushuka kwenye nyufa hadi kwenye mfereji wa chini na kutokea mtoni bila kuonekana juu. Jua midomo ya mifereji hiyo iko wapi ili siku ya kazi mtu akaikague.

Bomba likivuka barabara, kuna njia mbili za heshima: kulipitisha kwenye kalvati chini ya barabara, au kulivusha juu kwa matuta maalumu ya kulilinda, na vyote viwili huhitaji ruhusa ya wenye barabara. Likipita kwa jirani, nenda ukaongee naye ana kwa ana, umwonyeshe njia na kumwambia siku. Jirani aliyeambiwa mapema huvumilia harufu. Asiyeambiwa hupiga simu kwa mamlaka.

Hatua ya tano: kumchagua mkandarasi

Uliza wafugaji waliomtumia, na usiulize kama ni mzuri. Uliza bomba lilipopasuka alifanya nini. Kila mwenye kazi hii ameshapasukiwa, na anayekwambia hajawahi ama ni mgeni ama anaficha.

Ukimpata, mpeleke akaone shimo na shamba kabla ya kukubaliana bei. Bei ya kwenye simu ni bei ya kubahatisha. Mkiwa mnatembea, muulize anatumia bomba la ukubwa gani na lina umri gani. Muulize kama pampu inazimwa na dereva kwa rimoti au inategemea mtu aliyesimama shimoni. Rimoti nataka iwepo, na pamoja nayo redio au simu, pamoja na pampu inayojizima yenyewe msukumo ukishuka ghafla. Muulize kama ana mita ya mtiririko inayoonyesha mita za ujazo zilizopita, na kama dereva anaiona akiwa ndani ya trekta. Omba kuona bima yake inayogharamia uchafuzi wa maji na madhara kwa watu wengine. Muulize pia alikuwa shamba gani kabla ya kwako. Bomba lililotoka kwa jirani mwenye ugonjwa kwenye mifugo linaweza kuuleta kwako, kwa hiyo vioshwe vifaa vyote, nje na ndani, kabla ya kuvuka geti.

Halafu chombo cha kumwagia. Kuna bamba la kurushia samadi hewani, ambalo ni rahisi na la zamani. Kuna mkono mrefu wenye mipira midogo inayoning'inia na kumwaga michirizi ardhini. Kuna wenye viatu vya chuma vinavyotenganisha majani na kuweka samadi kwenye mashina. Na kuna visu vinavyochana udongo na kuizika kidogo. Tofauti yake ni amonia, yaani ile nitrojeni yako inayopotea hewani. Ukilinganisha na bamba, mipira ya michirizi hupunguza upotevu kwa takriban asilimia 30, viatu huweza kufika 60, na visu karibu 70. Bamba pia hutawanya bila usawa upepo ukivuma, na huchafua majani yote. Kama mkandarasi ana michirizi au viatu, lipia tofauti hiyo. Visu ni vizuri, ila kwenye udongo wenye mawe au mteremko mkali mfereji wa kisu huweza kuwa njia ya maji.

Hatua ya sita: bei na makubaliano

Bei huja kwa njia tatu, na kila moja inamvuta mkandarasi upande wake. Ukimlipa kwa saa, hana haraka, na bomba likiziba saa zinaendelea kwa gharama yako. Ukimlipa kwa hekta, anataka kufunika eneo kubwa upesi, shamba linakwisha na shimo bado limejaa. Ukimlipa kwa mita ya ujazo, anataka shimo likauke upesi, na njia rahisi ni kumwaga nene.

Mimi napendelea mita ya ujazo kwa kipimo cha mita ya mtiririko, pamoja na ada moja iliyotajwa ya kutandika na kukunja, na kiwango kwa hekta kiandikwe kwenye makubaliano kama sharti. Hivyo kila kishawishi kina kizuizi chake.

Andikeni ukurasa mmoja, kila mtu abaki na nakala. Uwe na bei na kinachojumuishwa: mafuta ni ya nani, kukoroga ni kwa nani, pampu ya pili ikihitajika nani analipa. Uwe na mashamba yatakayomwagiwa kwa mpangilio na kiwango cha kila moja, pamoja na nakala ya ramani. Useme muda wa kuharibika kwa mashine yake haulipiwi, na muda wa kumsubiri wewe unalipiwa. Useme mvua ikija nani ana neno la mwisho la kusimamisha kazi. Neno hilo liwe lako, na liwe bila faini. Na useme nani anawajibika samadi ikifika majini. Usione aibu kuandika hilo. Mkandarasi mzoefu ataona unajua unachofanya.

Malipo ya mwisho yafanyike baada ya kukagua shamba na njia ya bomba mkiwa pamoja.

Kukoroga, na gesi inayoua

Shimo lililokaa miezi hujipanga tabaka: utando juu, maji katikati, tope chini. Bila kukoroga, hekta za mwanzo hupata maji na za mwisho hupata tope linaloziba bomba. Anza siku moja au mbili kabla, uendelee hata wakati wa kusukuma. Kabla ya hapo toa kamba, nailoni, mawe, vipande vya mbao na chochote kilichoangukia humo. Kamba moja ya kufungia majani ikijizungusha kwenye pampu inaweza kula nusu ya siku yenu.

Sasa soma sehemu hii polepole. Samadi ikikorogwa hutoa gesi iliyokuwa imefungwa ndani, na mbaya kuliko zote ni haidrojeni salfaidi. Kwa kiasi kidogo hunuka mayai viza. Kwa kiasi kikubwa huua uwezo wa pua kunusa, kwa hiyo kutosikia harufu si dalili ya usalama. Pumzi chache huangusha mtu mzima, na ni nzito kuliko hewa, hukaa chini mahali pa kina. Dakika 30 za mwanzo ndizo za hatari zaidi, ingawa hatari haiishi hapo.

Basi ondoa mifugo yote na watu wote kwenye banda lililo juu au kando ya shimo. Fungua milango yote. Chagua siku yenye upepo. Washa mashine, ondoka, na usirudi kwa walau nusu saa. Hakuna sigara wala kuchomelea karibu, kwa sababu methani iliyomo hulipuka. Watoto wasiwepo kabisa. Usiingie shimoni kwa sababu yoyote, hata kufuata kifaa, hata shimo likiwa karibu tupu. Na mtu akianguka humo usimfuate. Piga simu ya dharura, ingiza hewa safi kwa mbali ukiweza, usubiri wenye vifaa vya kupumulia. Familia zimepoteza watu wawili na watatu kwenye shimo moja kwa sababu kila mmoja alishuka kumwokoa mwenzake.

Siku ya kazi

Asubuhi tazama mambo mawili: anga na udongo. Mvua kubwa ikitarajiwa ndani ya siku mbili, ahirisha. Udongo ukiwa umeshiba maji, umeganda kwa baridi, au una nyufa pana juu ya mifereji ya chini, ahirisha. Siku bora ni ya mawingu, baridi kidogo na upepo mdogo, kwani jua kali na upepo hupeperusha amonia, na sehemu kubwa ya upotevu hutokea saa za mwanzo baada ya kumwaga. Ndiyo, upepo unaoutaka shimoni ni uleule usioutaka shambani. Hii ni sababu nyingine ya kuanza kukoroga siku tofauti.

Majani yawe mafupi, baada ya kukatwa au kulishwa. Bomba linaloburutwa juu ya majani marefu huyavunja, na samadi hubaki juu badala ya kufika ardhini.

Bomba likishatandikwa, tembea nalo lote, kutoka pampu hadi trekta. Angalia kila kiungio kimefungwa, hakuna mkunjo, halijalalia jiwe kali wala kukatiza njia ya magari. Kisha pampu ianze kwa msukumo mdogo, kwa maji kama yapo, huku mtu akitembea tena kuangalia uvujaji. Nusu saa hii ina thamani kuliko nyingine zote za siku hiyo.

Baada ya hapo dereva apange mwendo. Hesabu ni hii: mita za ujazo kwa saa mara 10, gawanya kwa upana wa chombo ukizidishwa na kiwango kwa hekta. Pampu ikitoa 150 kwa saa, chombo kikiwa na upana wa mita 12 na kiwango kikiwa 30, ni 1,500 gawanya kwa 360, yaani kilomita 4.2 kwa saa. Mwendo ukishuka hadi nusu, kiwango kimekuwa 60. Baada ya hekta ya kwanza simamisheni, someni mita ya mtiririko, mlinganishe. Kama hekta imekula 38, rekebisheni hapohapo, si jioni.

Wakati kazi inaendelea, mtu mmoja asiwe na kazi nyingine ila kutembea kando ya bomba na kukagua midomo ya mifereji na mto. Mtu huyo ajue namna ya kuzima pampu.

Bomba likipasuka

Kilomita moja ya bomba la inchi 5 imebeba karibu mita za ujazo 13 za samadi, la inchi 6 karibu 18. Zima pampu kwanza. Kinachofuata watu wengi hawakijui: kama shimo liko juu kuliko shamba, kuzima pampu hakuzuii mtiririko. Bomba lililojaa huendelea kunyonya samadi lenyewe kwenda chini. Kwetu ilitokea kwenye shamba la bondeni. Kiungio kilifunguka, pampu ikazimwa ndani ya dakika moja, na samadi ikaendelea kutoka huku tukitazamana bila kuelewa. Tuliokolewa na tuta la udongo lililokuwa kati ya pale na kijito. Tangu siku hiyo sikubali kazi ianze bila koki ya kufunga kwa mkono karibu na pampu, na njia ya kuingiza hewa kwenye bomba ili kukata mnyonyo.

Weka tayari majembe, magunia ya mchanga au udongo, na marobota ya majani makavu karibu na maji yoyote yaliyo chini ya njia ya bomba. Samadi ikielekea mtoni, ziba, simamisha, kisha ripoti kwa mamlaka ya maji mara moja. Samadi hula oksijeni ya maji, na samaki hufa mbali sana na pale ilipoingilia. Ukiripoti mapema, walio chini ya mto wanapata muda wa kufunga njia za maji yao.

Kusafisha bomba

Mwisho wa kazi, tufe la sponji huingizwa bombani na kusukumwa kwa hewa ya kompresa, likisukuma mbele yake samadi yote iliyobaki. Samadi hiyo, zile mita za ujazo 13 au 18 kwa kila kilomita, lazima iwe na mahali pa kwenda. Amueni mapema: dereva aendelee kuimwaga akiwa kwenye mwendo kwenye ukanda uliobakizwa, au irudishwe shimoni. Isiishie rundo moja getini.

Hewa iliyobanwa ni hatari kuliko samadi yenyewe. Tufe hutoka kwa nguvu ya kuvunja mfupa, na mwisho wa bomba huru hujirusha kama nyoka. Mwisho huo ufungwe imara uwe na kikapu cha kunasia tufe, watu wasimame mbali, na kiungio chochote kisifunguliwe kabla hewa yote haijatolewa.

Baada ya hapo

Tembeeni pamoja shambani na kwenye njia ya bomba, mkitazama ua uliofunguliwa, geti, viungio vilivyovuja. Andika tarehe, shamba, mita za ujazo, kiwango kwa hekta, hali ya hewa, na matokeo ya maabara kama unayo. Mwakani karatasi hiyo itakwambia shamba gani lipewe kidogo na mbolea ya dukani ipunguzwe kiasi gani. Bila kupunguza hiyo mbolea, umelipa mara mbili kwa nitrojeni ileile.

Mifugo isirudi kwenye malisho hayo kwa walau wiki 4, na ndama wakae nje kwa muda mrefu zaidi, hata wiki 8, kwa kuwa wao ndio rahisi kuambukizwa magonjwa yanayokaa kwenye kinyesi cha wakubwa. Majani ya kukata na kuhifadhi yape walau wiki 6. Mboga zinazoliwa mbichi zisipewe samadi hii kabisa.

Rudi shambani baada ya siku tatu, na tena baada ya mvua ya kwanza, ukague ile midomo ya mifereji. Maji yakitoka safi, mlipe mkandarasi kilichobaki na umwekee nafasi ya msimu ujao sasa hivi, kabla wengine hawajajaza mashimo yao.